Joto la usiku ambalo halitibiki kwa dawa ya malaria: jibu kwa Baba Zuhura

Swali: Mke wangu ana miaka 49, mimi 56, tunaishi Muheza. Tangu mwaka jana siku zake hazieleweki. Zinakuja mwezi huu, miezi miwili kimya, kisha anatoka damu siku kumi. Usiku anaamka ameloa jasho, anatupa shuka, anafungua dirisha. Tangu Januari tumemtibu malaria mara tatu, hali ni ile ile. Sasa amehamia chumba cha watoto, tendo la ndoa hataki, na neno dogo tu linazua ugomvi. Kaka yangu anasema kuna mwanamume mwingine au kuna pepo, na kwamba nioe mke wa pili. Nifanye nini?

Baba Zuhura, pole, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuamua. Hayo uliyoyaeleza, ukiyaweka pamoja, ni dalili za mwanamke aliye njiani kukoma hedhi. Umri wake unakubaliana nazo, kwani wanawake wengi hukoma kati ya miaka 45 na 55. Nasema "njiani" kwa sababu hedhi huhesabiwa kuwa imekoma baada ya miezi 12 mfululizo bila damu. Kabla ya hapo kuna kipindi cha siku kuvurugika, ambacho huchukua miaka kadhaa, mara nyingi minne hivi, na ndicho kinachowatesa wengi kuliko kukoma kwenyewe.

Chanzo ni ovari, vile vifuko viwili vya mayai. Mayai yakiwepo ya kutosha, ovari hutoa homoni za estrojeni na projesteroni kwa mpangilio wa kila mwezi. Yakikaribia kuisha mpangilio unavunjika: wiki hii estrojeni iko juu sana, wiki ijayo imeanguka. Haishuki taratibu kama maji ya pipa linalovuja. Inakwenda kama umeme wa mgao, unakatika, unarudi kwa nguvu, unakatika tena. Na estrojeni haihudumii kizazi peke yake. Ubongo unaitumia kupima joto la mwili, kuleta usingizi na kutuliza hisia. Uke na kibofu vinaitumia kubaki laini na vyenye unyevu. Mifupa inaitumia kujilinda isipukutike. Ndiyo sababu mambo ambayo kwako yanaonekana hayahusiani, jasho, hasira, kukataa kulala nawe, yamefika kwa pamoja.

Tuanze na malaria, maana hapo ndipo pesa na dawa zinapopotelea. Nunua kipimajoto cha dijitali duka la dawa. Usiku joto likimpanda, aweke ncha yake katikati ya kwapa, abane mkono kifuani, asubiri mpaka kilie. Joto la kukoma hedhi huanza ghafla kifuani, hupanda shingoni na usoni, moyo hudunda, jasho hutoka, na baada ya dakika moja hadi tano hivi limepita, mara nyingi likimwacha anasikia baridi. Ngozi ukiigusa ni ya moto, lakini kwa kawaida kipimajoto hakisomi homa, yaani nyuzi 37.5 na kuendelea. Kinachotokea ni kwamba ubongo hustahimili joto la mwili kupanda kidogo kabla ya kuamuru jasho. Estrojeni ikiyumba, ustahimilivu huo unapungua sana. Kikombe cha chai ya moto, blanketi au wasiwasi kidogo vinatosha kuufanya ubongo uamini mwili unaungua, nao unafungua mishipa ya damu ya ngozi ili kuupoza.

Malaria haiji na kuondoka kwa dakika tano. Huja na homa inayosomeka, kutetemeka, kichwa, viungo, pengine kutapika, na hukaa kwa saa nyingi. Kipimo kikisema hana, asimeze dawa. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawaambiwi: kile kipimo cha haraka cha tone la damu kinaweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa sababu kinatambua mabaki ya protini ya vimelea. Kwa hiyo akipimwa tena ndani ya mwezi wa kutibiwa na kikaonyesha anayo, ombeni damu iangaliwe kwa hadubini kabla ya kuanza vidonge vingine 24.

Wakati huohuo usifanye kosa la upande wa pili, la kuweka kila jasho kwenye kapu la umri. Jasho la usiku lenye kikohozi cha wiki mbili na kukonda linataka kipimo cha kifua kikuu. Moyo kwenda mbio kutwa nzima, mikono kutetemeka na shingo kuvimba ni dalili za tezi ya shingo. Kiu na kukojoa kila mara ni za sukari. Akienda kituoni, hayo yaulizwe, pamoja na kipimo cha VVU na shinikizo la damu. Kabla ya yote apimwe mimba kwa mkojo, maana miezi miwili bila hedhi kwa mwanamke wa miaka 49 bado inaweza kuwa mimba.

Sasa hiyo damu ya siku kumi. Wewe umeitaja kwa kupita, lakini mimi ndiyo inayonipa haraka kuliko jasho. Damu ni nyingi kupita kiasi ikiwa pedi inaloa ndani ya saa moja kwa saa mbili mfululizo, ikiwa kuna mabonge yanayozidi sentimita mbili na nusu, au ikiwa analazimika kuamka usiku kubadili. Mwanamke anayepoteza damu hivyo kwa mwaka mzima huishiwa. Anahema akipanda mlima, moyo unadunda akiwa amekaa, anachoka asubuhi kabla ya kazi, na wengine hutamani kula udongo. Uchovu huo nyumbani huitwa uvivu au kununa. Apimwe wingi wa damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Akipewa vidonge vya madini ya chuma avimeze kwa maji ya ndimu au chungwa, na chai ikae mbali navyo kwa saa moja au mbili, kwani chai huzuia chuma kuingia mwilini. Wengi huvimeza kwa chai ya asubuhi, kisha wanashangaa damu haipandi.

Kwa umri wake damu ya namna hii inahitaji pia uchunguzi wa kizazi kwa altrasaundi, kuangalia kama kuna uvimbe, na daktari anaweza kutaka kuchukua kipande kidogo cha utando wa ndani kikapimwe. Shingo ya kizazi nayo ichunguzwe. Kile kipimo cha kupaka siki huchukua dakika chache na hufanyika hata kwenye vituo vya afya vingi. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na dalili yake moja ni hii hii ya damu isiyo na mpangilio. Anzeni kituo cha afya. Wakishindwa, ombeni rufaa kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Tanga.

Nyumba ya swala ina mzigo mwingine ambao pengine hajakuambia: damu isiyojulikana mwanzo wala mwisho inamtia shaka kama ni hedhi au ni istihadha, yaani damu isiyo ya hedhi, asali au asisali, afunge au ale. Swali hilo ni la mwanachuoni mnayemwamini, na jambo la kwanza atakalouliza ni tarehe.

Kwa hiyo nunueni daftari. Liwe la mistari, dogo, likae juu ya kabati. Kila siku mstari mmoja: tarehe, damu ipo au haipo, pedi ngapi, joto limempanda mara ngapi usiku, amelala saa ngapi, amekula au kunywa nini jioni. Wiki nne zinatosha kuanza. Aandike yeye, au umwandikie kwa ruhusa yake. Ukiandika kwa siri, siku akiligundua atajua alikuwa anapelelezwa na hutalifungua tena mbele yake. Mwisho wa mwezi mtaona vitu ambavyo kichwa kinasahau, kwa mfano kwamba usiku mbaya hufuata jioni za kahawa, au kwamba ugomvi mwingi hutokea asubuhi baada ya usiku wa kuamka mara tano.

Chumbani kuna kazi unayoweza kuimaliza leo, na haihitaji daktari. Ondoa ile nailoni iliyokuja na godoro. Watu hulala juu yake miaka na miaka, nayo inarudisha joto lote mgongoni. Blanketi moja la kushirikiana libadilishwe na shuka mbili za pamba, kila mtu na yake, ili akitupa ya kwake asikufunue wewe wala kukuamsha. Gauni la kulalia la kitambaa cha nailoni liwekwe kando, alale na khanga iliyopauka kwa kufuliwa, ndiyo inayonyonya jasho. Khanga nyingine kavu ikae kando ya mto pamoja na taulo dogo na maji ya kunywa, asilazimike kuwasha taa na kupekua kabati saa nane usiku. Chandarua msikiondoe hata joto likizidi, Tanga mbu wapo. Kining'inize juu zaidi ili kiwe na nafasi, na feni iwe karibu, ipulize kwa urefu wa kitanda, kwa sababu vitundu vya chandarua hupunguza upepo sana.

Jioni, chai ya moto, kahawa, pilipili na pombe ndivyo vichochezi vya kawaida, na sigara pia. Kama unavuta wewe, vuta nje, au acha. Kusimama mbele ya jiko la mkaa saa moja na nusu usiku ndani ya jiko lisilo na dirisha kunatosha kumpandisha joto. Msogezee jiko uani, au pika wewe. Mwanamume wa miaka 56 anaweza kusonga ugali na kuunga mchicha.

Kuhama chumba usikuchukulie kama talaka. Mtu anayeamka mara tano usiku huona aibu kumwamsha mwenzake, na huenda huko aliko kuna dirisha kubwa. Tengeneza chumba kwanza, kisha mwambie: "Nimebadilisha shuka na feni nimeisogeza. Ukitaka kurudi kitanda kipo, ukitaka kubaki huko mpaka upate usingizi pia sawa." Usimdai jibu usiku huohuo.

Hasira zake sehemu kubwa ni usingizi. Mwanamume yeyote akiamshwa kila baada ya saa moja na nusu kwa miezi kumi atapiga kelele kwa sababu ya chumvi. Sehemu nyingine ni homoni zenyewe, na hazimfanyi awe mwongo; jambo alilolikasirikia mara nyingi ni la kweli, kiasi tu ndicho kimezidi. Maneno ya "umeanza tena" na "hizo ni homoni zako" yanachoma vibaya. Akipandwa na joto katikati ya mazungumzo, nyamaza, mletee maji, subiri dakika tano, kisha endeleeni. Ukiwa hujui la kufanya, "Nikusaidie nini sasa hivi?" inatosha. Akisahau jina au alichofuata chumbani usimcheke mbele ya watoto. Kusahau huku ni kwa kawaida katika kipindi hiki na kwa wengi hupungua baadaye. Lakini huzuni ya kila siku kwa wiki mbili, kutofurahia hata wajukuu, au kusema ni heri afe, hiyo ni sonona, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo akitaja kufa.

Nije kwenye tendo la ndoa, ambalo kwa jinsi ulivyoandika ndilo limekuumiza zaidi. Estrojeni ikipungua ngozi ya ndani ya uke huwa nyembamba na kavu. Hainyooki kama zamani, na ute unachelewa au hauji. Tendo lililokuwa raha linakuwa kama kusuguliwa kidonda, pengine na damu kidogo baadaye na mkojo unaochoma. Mtu aliyeumia mara tatu hukwepa mara ya nne, na baadaye hukwepa hata kukumbatiwa, akihofia kukumbatiana kutafika huko. Wewe unaona chuki, yeye anaogopa maumivu. Muulize waziwazi, mchana, mkiwa hamjalala: "Huwa inakuuma?" Wanawake wengi hawajawahi kuulizwa swali hilo na mume.

Akisema ndiyo, achaneni na kuingiliana kwa wiki tatu au nne, na mwambie hivyo, ili mguso urudi kuwa mguso tu. Mkirudi, anzeni taratibu kuliko mlivyozoea. Mwili wake sasa unataka muda mrefu zaidi kujiandaa, hata kama moyo unataka. Tumieni kilainishi cha maji kutoka duka la dawa, kiasi cha kijiko cha chai, kwake na kwako, na mwongeze kikikauka. Mate hayatoshi. Vaseline haifai ndani ya uke, na pamoja na mafuta ya nazi au losheni yoyote ya mafuta inaharibu kondomu za mpira kwa dakika chache tu. Hilo linawahusu, kwa sababu anaweza bado kushika mimba na kuhesabu siku hakutegemeki tena. Kwa mwanamke anayekoma hedhi baada ya miaka 50, kinga huendelea mwaka mmoja tangu hedhi ya mwisho. Chini ya hapo, miaka miwili. Akisema inauma, simama hapohapo. Ukiendelea mara moja tu, kazi ya miezi imeharibika.

Kilainishi kisipotosha, dawa bora ya ukavu ni estrojeni ya kupaka au kuweka ukeni, kiasi kidogo sana, kila usiku kwa wiki mbili kisha mara mbili kwa wiki. Inayoingia kwenye damu ni kidogo mno, na humpunguzia pia maambukizi ya mkojo. Msinunue vidonge vya kubana uke, mvuke wa majani wala dawa za kusafisha kizazi zinazouzwa mitandaoni. Ngozi hiyo nyembamba inachubuka upesi, na sabuni tu ya kuosha ndani inatosha kumletea miezi ya kuwashwa.

Joto lenyewe likizidi lina dawa. Iliyo na nguvu kuliko zote ni tiba ya homoni, vidonge au viraka vya ngozini. Mwenye kizazi hupewa estrojeni pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hukuza utando wa kizazi na kuleta hatari ya saratani. Aliyetolewa kizazi hupewa estrojeni tu. Hofu kubwa ya tiba hii ilitokana na utafiti wa Marekani uliositishwa mwaka 2002, ambamo wanawake waliotumia homoni zote mbili walipata saratani ya matiti wanane zaidi kwa kila 10,000 kwa mwaka. Washiriki wake, hata hivyo, walikuwa na wastani wa miaka 63. Kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hajapita miaka 10 tangu akome, faida kwa kawaida huzidi hatari. Hapewi aliyewahi kuugua saratani ya matiti, damu kuganda mguuni au mapafuni, kiharusi, ugonjwa mkali wa ini, wala mwenye damu ya ukeni ambayo sababu yake haijajulikana. Kwa hiyo mkeo damu yake ichunguzwe kwanza. Asiyeweza kutumia homoni kuna venlafaksini au gabapentini, ambazo hupunguza joto ingawa si kwa kiwango kilekile. Tiba ya homoni haizuii mimba.

Mkienda kwa daktari beba daftari, orodha ya dawa anazomeza, na habari za mama yake na dada zake kuhusu saratani na kuganda kwa damu. Muulize nyumbani kama anataka uingie naye. Ukiingia, yeye ndiye anayezungumza. Ukiulizwa jambo lake, mtazame yeye kwanza. Wakitaka kuwauzia kipimo cha homoni kwenye maabara binafsi, kwa mwanamke aliyepita miaka 45 hakihitajiki. Homoni zinapanda na kushuka kila wiki, na jibu la leo halisemi la mwezi ujao. Umri na dalili vinatosha. Chini ya miaka 45 ingekuwa habari nyingine.

Mifupa ianze kutunzwa sasa, kwa sababu miaka mitano hadi saba baada ya kukoma ndiyo inayopoteza mifupa kwa kasi. Anahitaji miligramu 1,000 hivi za kalisi kwa siku, na 1,200 akipita miaka 50. Glasi ya maziwa au mtindi ya mililita 250 ina kama 300, na dagaa wanaoliwa wazima na mifupa yao ni msaada mkubwa. Atembee kwa kasi dakika 30, siku tano kwa wiki. Tembeeni pamoja jioni. Mkifika kituoni upimwe nawe shinikizo na sukari, maana wanaume wengi wa umri wako hulaumu mke aliyepoa wakati mishipa yao wenyewe ya damu ndiyo imeanza kuchoka.

Kuhusu kaka yako. Kama kuna mwanamume mwingine, hakuna lolote kati ya uliyoyaandika linaloonyesha hivyo. Mwanamke mwenye jasho la usiku, damu ya siku kumi na uke unaouma hana anachokitafuta nje. Ukitaka kumsomea kisomo msomee, kinamtuliza, ila kisichukue nafasi ya kipimo cha damu. Na mke wa pili ni uamuzi mzito ambao kamwe usiufanye kwa sababu ya ugonjwa ambao hujaupima. Joto hili kwa wengi hudumu miaka saba hivi kwa jumla, na matibabu yakianza hupungua ndani ya wiki chache. Ukileta mwanamke mwingine sasa, huyu atajua kwamba alipoumwa ulimtafutia mbadala, na maambukizi yoyote yakiingia kwenye nyumba hiyo yeye ndiye mwenye ngozi inayoyapokea kwa urahisi kuliko wote.

Tiba ikianza, rudini baada ya miezi mitatu mkiwa na daftari, ndipo dozi hupunguzwa, huongezwa au hubadilishwa. Msisubiri miezi hiyo kama damu inaloanisha pedi kila saa, kama mguu mmoja umevimba na kuuma, kama amebanwa kifua ghafla, au kama ameota uvimbe titini. Na siku ikifika amemaliza miezi 12 bila damu, kisha akaona hata tone moja kwenye nguo, mpeleke wiki hiyohiyo.